Mbao za Dawa Nazo Hunywa Hewa

Kila mwaka masika yakishika, mafundi seremala wa Malindi na Kilifi hupigiwa simu za aina moja. Mlango uliokuwa ukifunguka kwa kidole mwezi wa Februari sasa wasukumwa kwa bega. Droo ya kabati haitoki. Sakafu ya baraza imefura ikanyanyuka katikati. Na mwenye nyumba neno lake analo tayari: "Fundi, si uliniambia mbao hizi zimetiwa dawa?"

Zimetiwa kweli, na dawa inafanya kazi yake, ambayo ni kuua mchwa, bungua na kuvu. Kuzuia unyevu wa hewani si kazi yake. Ubao wa dawa huvuta mvuke sawa na ule usio na dawa, na ziko dawa zinazoufanya uvute zaidi. Ukilijua hilo mapema, utanunua, utakausha na utajenga kwa namna nyingine, na hizo simu za Mei zitapungua.

Mti hunywa kiasi gani

Ubao hauhitaji kunyeshewa ndipo ulowe. Hata ukiwa ndani, chini ya bati, nyuzi zake hupokea mvuke hewa inapokuwa nzito na kuuachilia hewa inapokauka. Kila kiwango cha unyevu wa hewa kina kiwango chake cha maji ndani ya mti, na ubao ukikaa mahali pamoja muda wa kutosha hufika hapo ukatulia. Maji hayo hupimwa kwa asilimia ya uzito wa mti uliokauka kabisa.

Katika joto la nyuzi 27, ambalo ndilo joto letu la kawaida, hewa yenye unyevu wa asilimia 65 huuweka ubao karibu na asilimia 12. Hewa ikifika 75, ubao hufika 14. Hewa ya 80 huupeleka karibu na 16, na hewa ya 90 huufikisha 20. Tazama namna unavyopanda: kutoka hewa ya 65 hadi 75 ubao umeongeza mbili tu, lakini kutoka 80 hadi 90 umeongeza nne. Hewa ikishakuwa nzito, kila nyongeza ndogo huugusa mti sana. Ile 20 iweke akilini, kwa sababu kuvu wanaoozesha mti hupata nafasi maji yanapozidi hapo. Ubao unaokaa chini ya 20 hauozi, uwe na dawa usiwe nayo. Boriti za juu za nyumba kongwe za mawe zilizodumu vizazi na vizazi zilidumu hivyo, kwa ukavu.

Alfajiri hewa ya Malindi mara nyingi hupita asilimia 85. Saa nane mchana, jua likiwaka na upepo ukivuma, hushuka kwenye 65 au 70. Usiogope mabadiliko hayo ya kutwa. Ngozi ya juu ya ubao huyahisi, lakini moyo wa ubao wa inchi moja huchukua wiki kadhaa kufuata, kwa hiyo mti huishi kwa wastani wa msimu. Kaskazi huushusha, masika na kusi huupandisha, na tofauti ya misimu hiyo ndiyo inayovunja viungo.

Kama huna kipimo cha hewa, kipo jikoni. Weka kijiko cha chumvi safi ya mezani katika kisahani, mahali ambapo hakuna mvuke wa sufuria. Chumvi safi huanza kuvuta maji hewa inapopita asilimia 75. Ikibaki kavu na kumiminika, hewa iko chini ya hapo. Ikilowa na kuanza kuacha maji kwenye kisahani, umepita. Usitumie chumvi ya mawe kutoka mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni kabla haijasafishwa, kwa sababu ina magniziamu ndani yake na hulowa mapema zaidi. Kisahani hicho kikae karibu na mbao unazokausha, na ukitazame asubuhi na mchana. Utajifunza hewa ya nyumba yako kuliko utakavyoambiwa na redio.

Hesabu ya mlango

Mti hautanuki sawa pande zote. Kwa urefu wa nyuzi zake hautanuki kiasi cha kuhangaisha. Kwa upana hutanuka, na ubao uliopasuliwa ubavuni mwa gogo, ule wenye michoro mipana kama mawimbi, hutanuka karibu mara mbili ya ule uliopasuliwa kuelekea kiini, wenye mistari iliyonyooka. Kwa kukadiria, chukua robo ya asilimia ya upana kwa kila asilimia moja ya maji inayoingia. Miti migumu yenye kujipinda, mkaratusi na mvinje kwa mfano, huzidi hapo.

Sasa chukua mlango wa mbao zilizoungwa bapa, upana sentimita 90, ulioundwa Nairobi ukiwa na maji asilimia 11. Ukikaa Kilifi utapanda hadi 15. Umeongeza nne, yaani asilimia moja ya upana: milimita tisa. Fundi aliyeufunga aliacha milimita tatu kila upande akajiona amekuwa mkarimu. Milimita sita dhidi ya tisa, na mlango unakwama. Hakuna aliyedanganya mtu hapo, ila hesabu haikupigwa.

Kinyume chake nacho kipo. Kiti cha mwarobaini kilichochongwa Malindi, kikavu kwa hewa ya Malindi, kikipelekwa katika nyumba ya Italia inayopashwa joto wakati wa baridi, huteremka hadi asilimia saba au nane, na huko hupasuka. Wageni wengi wanaonunua samani mjini hapa hawajui hilo, na ni heshima kuwaambia kabla hawajalipa. Muuzaji anayeuza nje hana budi kukausha kwenye tanuri. Jua letu peke yake haliushushi mti hadi huko.

Wazee wetu waliuwekea mti nafasi. Utazame mlango wa Kiswahili wa Mji wa Kale, Mombasa, au wa Lamu. Si kipande kimoja kipana. Una mbao mbili nyembamba, kila moja ikizunguka kwenye kigingi chake juu na chini bila bawaba za chuma, na katikati umesimama mfaa, ule mti wa kuchongwa unaofunika mwanya wa kati. Mbao mbili zikitanuka, kila moja hutanuka nusu tu ya ambavyo mlango mpana ungetanuka, na zikinywea mwanya hauonekani kwa sababu mfaa umeuziba. Urembo ulikuwepo, ndiyo, lakini akili ya useremala ilikuwepo vilevile. Fundi wa leo anayeunga mlango mmoja wa sentimita 90 kwa gundi, halafu akalaumu dawa, aende akautazame mlango huo.

Chumvi ya bahari

Hili ndilo linaloutofautisha ufuo wetu na Nairobi au Nakuru, na vitabu vingi vya useremala hulipita juu juu kwa kuwa vimeandikwa mbali na bahari. Upepo wa kusi huleta manyunyu ya maji ya chumvi hadi nyumba za safu ya kwanza. Matone hukauka juu ya mlango, chumvi ikabaki. Usiku hewa ikipita 75, chumvi hiyo huvuta maji yake yenyewe na kuyaweka juu ya mti, mahali ambapo ubao peke yake usingelowa kiasi hicho. Ndiyo maana reli ya ngazi katika nyumba ya ufukweni Watamu huwa na ubaridi wa majimaji asubuhi hata bila mvua, na ile ya nyumba iliyoko Gede, kilomita chache ndani, ni kavu.

Dawa ya jambo hili ni maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi. Mlango, dirisha na samani za nje zinazokabili bahari zioshwe kwa kitambaa na maji safi mara kwa mara wakati wa kusi, kisha zikaushwe kwa upepo. Ni kazi ya dakika chache, na huongeza umri wa vanishi kuliko kopo la bei ghali.

Boriti na pau za mikoko zina chumvi ndani, si juu tu, kwa sababu mti wenyewe umeota katika maji ya bahari na mara nyingi magogo huvutwa majini na kulazwa matopeni kabla ya kupandishwa. Mkoko na mkandaa ni miti migumu na mizuri, lakini ukiipaka rangi au vanishi ingali na chumvi, rangi itafura na kubanduka. Ilaze mahali penye mvua ya masika iioshe, kisha uikaushe kivulini. Na ukumbuke mikoko haikatwi bila kibali cha Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS). Muuzaji asiyeweza kuonyesha karatasi anakuuzia na kesi pia.

Kuna chumvi nyingine inayoingia kwa mlango wa nyuma: mchanga. Nyumba iliyojengwa kwa mchanga wa ufukweni huwa na kuta zinazotoa jasho, na vichwa vya boriti vilivyozikwa humo hunyonya jasho hilo. Boriti huoza kichwani kwanza, ndani ya ukuta, mahali ambapo huoni. Tumia mchanga wa mto, na sisi tuna Sabaki karibu. Kichwa cha boriti kipakwe dawa, na usikizungushie saruji ikikibana pande zote. Acha upenyo wa hewa, hata wa kidole.

Dawa moja moja

Nguzo na mbao za rangi ya kijani zinazouzwa barabarani kutoka Mombasa hadi Malindi nyingi zimetiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki, inayoandikwa CCA. Mti hufungiwa ndani ya tangi, hewa ikatolewa, kisha dawa ikasukumwa kwa presha. Dawa hiyo huyeyushwa kwa maji, na mita moja ya ujazo ya mti mweupe, ule wa nje ya kiini, inaweza kunywa lita mia kadhaa. Ina maana ubao wa CCA ukitoka kiwandani umelowa kuliko ulivyokuwa ukiingia. Mnunuzi anaona kijani, anaona umekolea dawa, anadhani umekamilika. Haujakamilika. Unahitaji wiki kadhaa za kukauka tena, na siku hizo za mwanzo dawa yenyewe bado inajifunga ndani ya nyuzi. Ukiugusa na mkono ukatoka na unga wa kijani au majimaji, usiupokee.

Kabla ya kununua nguzo ya mkaratusi, inama utazame kichwa chake. Utaona pete ya kijani nje na kiini cha rangi ya kahawia katikati. Hilo ni sawa, kwa sababu mti mweupe wa nje hupokea dawa na kiini cha mkaratusi hukataa. Unachotafuta ni pete pana, isiyokatika popote, inayozunguka nguzo nzima. Ikiwa kijani ni ngozi tu, unene wa ukucha, nguzo hiyo imechovywa au imepakwa, haikupitia presha. Kisha tazama nyufa. Ufa wenye kijani hadi ndani ulikuwepo kabla ya dawa, na haudhuru. Ufa mweupe au wa kahawia umetokea baadaye: nguzo ilitiwa dawa ingali mbichi, ikapasuka ilipokauka, na sasa unyevu na mchwa wana njia ya kwenda kwenye kiini kisicho na dawa. Nguzo ya namna hiyo huoza ndani huku nje ikiwa kijani kizuri. Muuzaji atakwambia nyufa ni kawaida. Nyufa ni kawaida, ni rangi ya ndani yake inayosema ukweli.

Ukinunua nguzo ndefu kuliko shimo lako, kata juu, usikate chini. Ile ncha ya kiwandani ndiyo iende ardhini. Popote msumeno ulipopita, au keekee ilipotoboa, paka dawa ya brashi mara mbili tatu, mpaka mti ukatae kunywa.

Boraksi na asidi ya boriki ni dawa nzuri kwa fito, pau na mianzi ya ndani ya nyumba. Huingia hata katika mti mbichi na haivuti unyevu wa hewani kiasi cha kusumbua. Ubaya wake ni kwamba hutembea na maji: mvua ikiupiga mti huo, dawa huoshwa ikaondoka. Ndani, ndiyo. Nje, hapana.

Dawa za kuzuia moto ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu pwani yetu imejaa makuti na kila mwenye hoteli ana hofu ya moto, hofu ya haki kabisa. Nyingi kati ya dawa hizo ni chumvi za amonia, fosfeti na salfeti, ndugu wa karibu wa mbolea ya dukani. Mkulima yeyote wa Kilifi amewahi kuona gunia la mbolea lililoachwa wazi likilowa na kushikana. Chumvi hizo huanza kuvuta maji hewa inapofika karibu asilimia 80, na usiku wetu hupita hapo miezi mingi. Mbao na makuti yaliyopuliziwa huwa yamelowa alfajiri, hutiririsha maji ya kahawia, na misumari iliyo ndani yake huliwa na kutu. Sisemi uache kinga ya moto. Nasema mwulize anayekuuzia: dawa hii imetengenezwa kwa hewa yenye unyevu mwingi? Akikosa jibu, tafuta mwingine, na popote ulipopulizia, kagua misumari na kamba za paa kila mwaka.

Oili chafu ya gari hupakwa miguu ya nguzo kote huku, kuanzia Mtwapa hadi Mambrui. Huchelewesha maji ya mvua, lakini mvuke wa hewa huingia tu baada ya muda, na dhidi ya kuvu ni kinga dhaifu. Ukiipaka umejifungia njia ya rangi na vanishi milele, na kama kisima kiko karibu umekitia sumu. Mafuta ya nazi nayo hayafai: hayakauki juu ya mti, hubaki yakinata, hukusanya vumbi na koga. Anayetaka mafuta atumie ya linsidi yaliyochemshwa, kwa matabaka membamba, na yarudiwe.

Mabaharia walijua jambo hili la kurudia. Jahazi na mashua zilipakwa sifa, mafuta ya maini ya papa, upande wa juu, na deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, upande wa chini, na kati ya mbao zikakalafatiwa kwa pamba. Hakuna kati ya hivyo kilichozuia maji milele. Siri ilikuwa kurudia: kila chombo kilipopandishwa pwani kilipakwa upya. Na chombo kikiachwa mchangani kaskazi nzima, mbao zake hunywea zikaachana. Kikishushwa huvuja mpaka mti utakapokunywa maji ukafura na kuziba. (Sifa ina harufu ambayo hakuna mgeni wa hoteli atakayeivumilia mezani, kwa hiyo tusiirudishe huko.)

Kukausha, na kujua kwamba umekausha

Panga mbao kivulini, juu ya matofali, angalau futi moja na nusu kutoka ardhini. Kati ya safu na safu weka vijiti vya inchi moja, vikavu, vya unene sawa, kila nusu mita, na vijiti vya juu vikae sawasawa juu ya vile vya chini. Vikipishana, mbao zitapinda. Upepo upite ubavuni mwa mrundo. Vichwa vya mbao vipakwe rangi nzito, kwa sababu kichwani mti hunywa na kutoa maji kwa kasi kuliko popote, na kichwa kikikauka kabla ya tumbo hupasuka. Jua la moja kwa moja liepuke. Linakausha ngozi na kuuacha moyo mbichi.

Muda gani? Usihesabu miezi, pima uzito. Chagua vipande viwili vya mrundo huo, viandike namba, vipime kila wiki kwa mizani ya dukani. Uzito ukiacha kushuka kwa wiki mbili tatu mfululizo, mbao zimefika mwisho wa hewa yako. Ukitaka asilimia yenyewe, kata kipande kidogo cha ubao usio na dawa, kipime, kiweke kwenye joko la nyuzi 103 mpaka kisipungue tena, kisha pima. Kikiwa gramu 156 kwanza na gramu 130 mwisho, maji yaliyotoka ni 26. Gawa kwa 130, upate asilimia 20. Huo bado ni mbichi kwa mlango. Kipande cha CCA usikitie kwenye joko la kuokea mkate.

Vile vipima unyevu vya betri vyenye sindano mbili ni vyepesi na vinasaidia, ila hupima umeme unavyopita kwenye mti, na chumvi hupitisha umeme. Juu ya ubao wa CCA au boriti ya mkoko vitakusomea zaidi ya ukweli. Mizani haidanganywi na chumvi.

Unapojenga

Mbao ziletwe nyumbani zikae ndani ya chumba zitakamotumika wiki mbili tatu kabla ya kuungwa, madirisha wazi, bila plastiki. Sakafu ya nje ya mbao za dawa: kama zimekuja zimelowa, zipange zikigusana, mwanya utajifungua wenyewe, ubao wa milimita 140 ukishuka kutoka asilimia 30 hadi 15 hupungua kama milimita tano. Kama ni kavu, acha milimita tano au sita tangu mwanzo. Kosa la kawaida huku ni kupanga mbao kavu za Februari zikibanana ili kisigino cha kiatu kisizame, na Mei zikanyanyuka.

Meza na milango ipewe uhuru. Ubao wa kati wa mlango wa fremu uelee ndani ya mfereji wake bila gundi. Uso wa meza ufungwe kwa vibao vyenye tundu refu ili skrubu isogee. Ubao ukizuiwa kutanuka utapasua fremu, kwa kuwa mti unaofura una nguvu nyingi.

Vanishi na rangi hazizuii mvuke, huupunguzia mwendo tu, na hilo latosha ikiwa umepaka pande zote sita: mbele, nyuma, ubavu wa kushoto na wa kulia, juu, na chini. Mlango uliopakwa uso mzuri tu hunywa kwa nyuma na kujikunja. Na ukingo wa chini wa mlango, ambao hakuna anayeuona, ndio unaosahauliwa kila mahali. Ushushe mlango, ugeuze, upake. Mlango ukikaza Mei, ondoa kidogo kwa randa, kile tu kinachogusa, na usipake kitu juu ya mti uliolowa. Subiri Januari au Februari kaskazi iukaushe, ndipo uushushe ukaupake kingo zote.

Misumari ya kawaida haifai kwenye mbao za CCA zilizo nje. Shaba iliyo ndani ya dawa, ukiongeza unyevu na chumvi, huila. Tumia iliyochovywa zinki nzito, na kwa nyumba ya safu ya kwanza tumia skrubu za chuma kisichoshika kutu, daraja la 316. Ni ghali, ndiyo, lakini nguzo ya miaka ishirini iliyoshikwa na msumari wa miaka mitatu ni nguzo ya miaka mitatu. Kama shamba lako ni la mivinje na unataka kujua namna ya kuitia dawa, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya (KEFRI) kiko Gede. Nenda na kipande mkononi.

La mwisho ni vipande vinavyobaki. Kwenye kila ujenzi hapa pwani akina mama wa jirani huja kuokota kuni, na fundi huwapa kwa moyo mwema. Vipande vya kijani visitoke. Aseniki iliyomo huenda hewani na moshi na hubaki kwenye jivu, na jivu hilo ni sumu kwa mtoto, kwa mbuzi na kwa shamba la mchicha. Vumbi la msumeno lisitandikiwe kuku. Fundi avae kitambaa puani na aoshe mikono kabla ya kula. Kusanya vipande kwenye gunia, mrudishie aliyekuuzia mbao au uvizike mbali na kisima, na uwaambie majirani kwa nini umewanyima.